Link's Awakening ya 1993, ya 1998 au ya 2019: ipi ya kurudia?

Mwaka 1993 Nintendo ilitoa kwa ajili ya konsoli yake ya mkononi, Game Boy, mchezo uitwao The Legend of Zelda: Link's Awakening, na baadaye ikautoa tena mara mbili kwa sura mpya. Mwaka 1998 ulitiwa rangi na kuongezewa jina la DX kwa ajili ya Game Boy Color, na tarehe 20 Septemba 2019 ulitoka ukiwa umejengwa upya tangu msingi kwa ajili ya Switch, konsoli mpya zaidi ya Nintendo wakati huo. Hadithi ni ileile, kisiwa ni kilekile, na mapango manane ya mafumbo yamebaki karibu yalivyokuwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuurudia mchezo huu, au kuuonja kwa mara ya kwanza baada ya kuusikia ukisifiwa, anachagua kati ya njia tatu za kuingilia kisiwa kimoja, na njia hizo zinatofautiana kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha. Mimi nimeumaliza kwa njia zote tatu: toleo la kijivu, lile la 1993, nililimaliza utotoni kwa konsoli ya kuazima, mengine mawili ukubwani.

Kwa asiyeufahamu, mambo ni haya. Meli ya Link, shujaa unayemwongoza, inapigwa radi katikati ya dhoruba, naye anatupwa na mawimbi kwenye ufuo wa kisiwa cha Koholint. Msichana aitwaye Marin anamwokota na kumpeleka nyumbani kwa Tarin, na muda si mrefu bundi anamtokea na kumwambia kwamba hataondoka kisiwani mpaka Samaki wa Upepo, aliyelala ndani ya yai kubwa juu ya kilele cha mlima, aamshwe kwa ala nane za muziki. Zelda mwenyewe, binti mfalme mwenye jina la mchezo, hayumo, wala ule utatu wa dhahabu unaopiganiwa katika michezo mingine ya ukoo huu. Kazi ilianza bila kuagizwa na mtu: mtayarishaji programu Kazuaki Morita alikuwa akijaribujaribu zana za Game Boy baada ya saa za kazi, wenzake wakajiunga naye, na hatimaye mradi ukawa rasmi chini ya uongozi wa Takashi Tezuka. Nadhani asili hiyo ya mchezo wa baada ya kazi inaonekana bado, kwa maana hakuna mchezo mwingine wa Zelda wenye utani mwingi na huzuni nyingi kiasi hiki kwa pamoja.

Jambo la kushika kabla ya kulinganisha ni kwamba mchezo huu ulikatwa kwa kipimo cha kifaa chake. Game Boy ilikuwa na skrini ya pikseli 160 kwa 144, vivuli vinne tu kutoka cheupe hadi cheusi, na vitufe viwili vya kutendea, A na B. Waliounda Koholint walijua kwamba hawana nafasi zaidi ya hiyo, wakaipanga kila hatua ndani yake. Toleo la 1998 liligusa kizuizi kimoja, kile cha rangi. Toleo la 2019 liliviondoa karibu vyote. Swali la mnunuzi, basi, ni vizuizi gani anaweza kuvivumilia, na vipi angevikosa kama vingeondolewa.

Vitufe viwili

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi wanaorudi baada ya miaka mingi hushtuka. Katika toleo la 1993 na lile la DX, upanga unachukua kitufe kimoja na kitu kingine chochote unachochukua cha pili. Ngao ni kitu cha kuwekwa kwenye kitufe. Unyoya wa kurukia vilevile, na bangili ya kunyanyulia mawe vilevile, na viatu vya kukimbilia vilevile. Kila unapofika mbele ya shimo na nyuma yake kuna jiwe na nyuma ya jiwe kuna adui, unafungua orodha, unabadilisha, unafunga, unaruka, unafungua tena. Zaidi ya hayo, ukigusa jiwe zito kwa bahati mbaya huku bangili haiko kwenye kitufe, maandishi yanatokea kukueleza kwamba jiwe hili ni zito. Yatatokea mara ya kwanza, ya kumi na ya mia. Utotoni sikuona tatizo lolote, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Ukubwani, baada ya siku ya kazi, nilihesabu mabadiliko ya vitufe katika chumba kimoja tu cha pango la sita, nilipofika saba nikaacha kuhesabu.

Toleo la Switch limemaliza taabu hiyo. Upanga una kitufe chake, ngao ina chake, viatu vina chao, na bangili hufanya kazi yenyewe. Vinabaki vitufe viwili vya vitu vingine, navyo vinatosha. Mchezo unakwenda mbio zaidi, na mtu aliyezoea michezo ya leo hatajua kwamba kuna kero iliyowahi kuwapo.

Hata hivyo kuna kitu kimepotea. Ulipokuwa na vitufe viwili tu, kila chumba kilikuwa pia swali: nikiacha ngao nichukue unyoya, nitapona? Pango la saba, ule mnara ambao unabeba tufe zito ulirushe kwenye nguzo nne mpaka ghorofa ya juu idondokee ile ya chini, lilikuwa gumu kwa sababu mbili: ramani yake, na mikono yako iliyojaa. Kwenye Switch imebaki sababu moja. Bado ni pango zuri, labda zuri kuliko yote, lakini nililipita kwa nusu ya muda niliokumbuka, na sehemu ya tofauti hiyo haitokani na umri wangu.

Kuna kasoro moja ya toleo jipya ambayo inafaa itajwe wazi kwa wanaotumia Switch Lite, konsoli iliyotoka siku ileile na mchezo huu na ambayo wengi huinunua kwa ajili ya michezo ya aina hii. Switch Lite ina kitufe cha msalaba kizuri, ila katika toleo la 2019 hukitumii kutembea. Lazima utumie kijiti cha analogi. Kwa mchezo ambao asili yake ni hatua za mraba, uamuzi huo haunieleweki hadi leo.

Kisiwa cha vyumba 256

Koholint ya 1993 na ya 1998 imegawanywa katika skrini 16 kwa 16, yaani 256, na kila unapofika ukingoni picha inasukumwa kando kukuletea skrini inayofuata. Maadui wa skrini uliyoiacha hawakufuati. Hilo linageuza kisiwa kizima kuwa nyumba ya vyumba vingi, na kila chumba kina jambo lake: hapa jiwe moja limekaa vibaya, pale mti mmoja umesimama peke yake. Mchezaji anajifunza kisiwa kama mtoto anavyojifunza mitaa, chumba baada ya chumba, mpaka siku moja anagundua kwamba haangalii tena ramani.

Toleo la Switch limeondoa mipaka hiyo nje ya mapango. Kamera inakufuata, kisiwa kinatiririka, na kwa mara ya kwanza unaona kwamba kijiji cha Mabe na msitu ulio kaskazini yake viko jirani kuliko ulivyodhani. Ni raha kubwa kwa anayerudi. Ramani nayo imekuwa nyerevu: unaweza kuichomekea alama, kuikuza, na kusoma tena maneno uliyoambiwa na watu. Mchezaji aliyeacha mchezo kwa wiki mbili kwa sababu ya safari au mitihani ataweza kuendelea bila kuuliza "nilikuwa naenda wapi?" Ukiacha lile la 1993 kwa wiki mbili, aghalabu utaanza upya.

Kwangu mimi, hata hivyo, mafumbo ya njiani yamepungua ukali, kwa sababu unayaona kwa mbali kabla hujayafikia. Katika toleo la zamani unaingia skrini na fumbo limeshakusimamia usoni.

Macho na masikio

Picha za 1993 ni vivuli vinne, na watu waliokua Afrika Mashariki miaka ile watazielewa haraka, kwani wengi wetu tulikuwa na kile kigemu cha matofali yanayoshuka, chenye kioo cha kijivu na sauti ya kukera. Tofauti ni kwamba wachoraji wa Nintendo walijua kutumia weusi: pango lenye giza ni giza kweli, na uso wa Marin wenye pikseli chache unasema mengi. Tatizo ni kifaa chenyewe. Game Boy ya asili haina taa nyuma ya kioo, na usiku huoni kitu.

DX imetiwa rangi kwa busara. Nyasi ni kijani, paa ni jekundu, na maadui wa rangi tofauti wanatambulika upesi kuliko walipokuwa wote wa kijivu. Haijabadilisha umbo la kitu chochote, na ndiyo maana naiona kuwa kazi safi zaidi ya urekebishaji.

Toleo la 2019, lililotengenezwa na studio ya Grezzo, limechagua njia ya pekee: kila kitu kinaonekana kama kisanamu cha plastiki kinachong'aa juu ya meza, na kingo za picha zimefifishwa kana kwamba unatazama kijiji cha kuchezea kupitia lenzi. Wapo walioichukia sura hiyo. Mimi naona inaafikiana na hadithi, kwa sababu ambayo mwenye kuumaliza mchezo ataiona bila kuambiwa. Kasoro yake ni ya kiufundi: mwendo wa picha, ambao kwa kawaida ni fremu 60 kwa sekunde, hudondoka ghafla unapoingia eneo jipya, na unakwaruza macho. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, imeupatia mchezo sasisho la bure linaloboresha picha. Mwenye kifaa hicho asijali sana ninayoyasema hapa.

Muziki nitaupitia haraka. Toleo jipya lina ala halisi na limepangwa vizuri. Yale ya zamani yana sauti nne za kompyuta. Wimbo wa Samaki wa Upepo unaishi katika yote, ingawa nitakiri kwamba ule wa Game Boy, mkavu na wa kutetemeka, ndio unaonirudia nikiosha vyombo.

Vilivyoongezwa

DX iliongeza pango la tisa, ambalo mafumbo yake ni ya rangi na ambalo ukilimaliza unachagua vazi jekundu la kuongeza nguvu ya upanga au la buluu la kupunguza maumivu. Kaseti ya DX inaingia hata kwenye Game Boy ya kijivu, lakini huko pango hilo halifunguki. Iliongeza pia panya mpiga picha anayekutokea katika matukio maalumu, na jumla ya picha ni 12. Zamani uliweza kuzichapa kwa printa ndogo ya Game Boy. Picha hizo ni kichekesho kitupu na mimi nazipenda.

Toleo la Switch lilichukua pango la rangi, likamtupa mpiga picha, na mahali pake likamweka Dampé, mchimba makaburi, ambaye anakupa vyumba vya mapango uvipange mwenyewe kama vigae. Wazo ni zuri kwa kusikia. Kwa vitendo, unavicheza tena vyumba ambavyo umeshavicheza, na baada ya saa moja nilimpungia mkono wa kwaheri. Nyongeza nyingine zina maana zaidi kwa wanaopenda kutafuta: kombe za baharini zilizofichwa zilikuwa 26 na ilikupasa upate 20 ili ukabidhiwe upanga mkali zaidi; sasa ni 50, na upanga unatolewa ukifikisha 40. Vipande vya moyo, vinavyokuongezea uhai, vimeongezeka kutoka 12 hadi 32. Sehemu kubwa ya kisiwa ambayo zamani ilikuwa mapambo sasa ina kitu ndani yake. Ipo pia hali ngumu ambayo maumivu huwa maradufu na mioyo haidondoki njiani, nayo nawashauri waliouzoea mchezo waianze moja kwa moja, kwa sababu hali ya kawaida ya toleo hili ni nyepesi mno.

Kinyume chake, toleo la 1993 lina kitu ambacho yale mengine mawili yalikiondoa, nacho ni kosa. Ukibonyeza kitufe cha Select wakati uleule ambapo skrini inabadilika, unajikuta upande wa mbali wa skrini inayofuata, umepita kuta na maji. Wako watu wanaolinunua toleo hili kwa ajili hiyo pekee, ili watembee Koholint kwa mpangilio ambao waundaji hawakuukusudia. Likitumiwa ovyo linaweza kukuacha umenaswa.

Mambo mengine hayakuguswa, nami nashukuru. Mnyororo wa kubadilishana vitu 14, unaoanza na mwanasesere na kupita kwenye ndizi wanazopewa nyani ili wakujengee daraja, uko palepale. Fedha ya kisiwa bado huitwa rupia, neno ambalo mababu zetu walilitumia sokoni kwa fedha ya kweli, na upinde bado unauzwa kwa rupia 980, bei ya kuumiza. Kuuiba dukani kunawezekana, lakini tangu hapo kila mtu kisiwani atakuita mwizi, na siku ukirudi dukani mwenye duka atakuua.

Kuupata na gharama yake

Toleo la 2019 ndilo rahisi kupatikana likiwa jipya. Bei yake ya kutolewa ilikuwa dola 59.99 za Marekani, na kadi za Switch hazina kizuizi cha eneo, kwa hiyo kadi iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai au London itacheza Mombasa bila shida. Ukiupakua badala ya kununua kadi, andaa karibu GB 6, na ukumbuke kwamba duka la mtandaoni la Nintendo halina tawi la Kenya wala la Tanzania, hivyo akaunti itabidi iwe ya nchi nyingine. Kadi inauzika tena baadaye. Mchezo uliopakuliwa hauuziki. Kwa hali yetu, kadi inashinda.

DX imo katika usajili wa mtandaoni wa Switch tangu Februari 2023, katika daraja la chini la usajili ambalo kwa Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka, pamoja na michezo mingine mingi ya zamani. Humo unaweza kuhifadhi wakati wowote na hata kurudisha muda nyuma ukikosea kuruka. Sharti la kuzingatia ni kwamba konsoli inapaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja katika siku 7, la sivyo michezo hiyo inajifunga. Kwa anayeishi mahali ambapo bando la intaneti ni la kuhesabu, sharti hilo si kubwa, ila lisisahauliwe kabla ya safari ndefu. Ukiacha kulipa usajili, mchezo unaondoka.

Wapo wanaotaka kaseti halisi. Kaseti za Game Boy nazo hazina kizuizi cha eneo, ingawa za Kijapani zina maandishi ya Kijapani na mchezo huu una maneno mengi ya kusoma. Kifaa ninachokipendekeza kwao ni Game Boy Advance SP ya mwaka 2003, inayojikunja, inayochajiwa, yenye taa, na inayokubali kaseti zote mbili. Mwenye fedha zaidi atazame Analogue Pocket, konsoli ya kisasa inayocheza kaseti za Game Boy, ambayo skrini yake ya pikseli 1600 kwa 1440 ni mara kumi kamili ya ile ya Game Boy kila upande, kwa hiyo picha inakaa bila kuvutwa hata kidogo. Tatizo la kaseti ni umri. Ndani yake kuna betri ndogo ya mviringo inayoshikilia kumbukumbu za mchezo, na ikiisha, kila ulichohifadhi kinafutika. Fundi anayejua kulehemu ataibadilisha kwa dakika chache. Tatizo la pili ni bandia. Muuzaji mmoja aliniuzia DX yenye karatasi safi mno kwa kitu cha miaka zaidi ya ishirini, na nilipofika pango la tatu nikazima na kuwasha, nikakuta Link amerudi kitandani kwa Tarin kana kwamba hatujawahi kuonana. Tangu hapo nafungua kaseti na kutazama ndani kabla sijatoa fedha.

Toleo la 1993 likiwa halali na bila kusaka vitu vya mtumba liko ndani ya Game & Watch ya Zelda, kidude kidogo kilichotolewa Novemba 2021 kwa dola 49.99, chenye kioo cha inchi 2.36 na chaji ya USB-C. Kioo ni kidogo na kinang'aa vizuri. Kwa vidole vikubwa ni mateso.

Ninavyoamua mimi ni hivi. Mtoto, au mtu mzima asiyewahi kushika Zelda yoyote, apewe toleo la Switch. Hatalazimika kupambana na orodha ya vitu kabla ya kuipenda hadithi. Aliyewahi kuucheza zamani na anayetaka kurudi nyumbani aende kwenye DX, kwa usajili kama tayari ana Switch, na asivunjwe moyo na saa mbili za kwanza, maana mikono inakumbuka. Mwenye nafasi ya kuucheza mara moja tu katika maisha yake achukue DX vilevile, hata kama hana kumbukumbu yoyote ya kurudia. Toleo la kijivu liachiwe anayeujua mchezo tayari na anayetaka kuona ulivyokuwa, au anayewinda lile kosa la Select. Naye huyo akijitahidi kuumaliza bila kufa hata mara moja atapata picha ya siri mwishoni, baada ya majina ya waundaji kupita, ambayo haifanani na ile ya DX. Nilipoiona nilikuwa na miaka kumi na minne, umeme umekatika, na betri nne zimebakiwa na dakika chache.